Jina Limehifadhiwa

Nchi yenyewe haitatajwa hapa, kwa kuwa jina lake nalo limehifadhiwa. Itoshe kusema ilikuwa na milima ya kutosha, mvua ya kadiri, na Mlezi wa Taifa mmoja, ambaye watu wake walimpenda kwa mujibu wa sheria.

Katika nchi hiyo aliishi Kheri Manyundo, mshonaji magodoro ya sufi, pamoja na mkewe Salha, mwalimu wa chekechea. Walikaa miaka mingi bila mtoto, mpaka majirani wakaacha kuwauliza. Kisha Salha akashika mimba, na nyumba ile iliyokuwa kimya ikaanza kuwa na ubishi kila jioni, na ubishi wenyewe ulikuwa mmoja tu: mtoto aitwe nani.

Kheri alikuwa akirudi kutoka kibandani kwake nyusi zimejaa sufi, na kabla hajanawa mikono alikuwa ameshaleta jina, kama mtu aliyepita sokoni akapata kitu kizuri. Salha alilipokea, akaligeuza, akalirudisha. Ubaya wa kuoa mwalimu wa watoto wadogo ni kwamba hakuna jina ambalo halijaharibiwa mbele ya macho yake. Kheri akisema Yusra, aliambiwa Yusra alikuwepo mwaka juzi, na alikuwa anang'ata wenzake. Akisema Ilhamu, aliambiwa Ilhamu alikula chaki ya muhula mzima. Nasra mwenyewe hakuwa na neno, ila mama yake ndiye aliyekuwa haishi kuja shuleni. Salha naye akipendekeza Zaituni, Kheri alitikisa kichwa, maana Zaituni alikuwa mteja aliyerudisha godoro kwa madai kwamba linanong'ona.

Walibishana wakila, walibishana wakifua, na mara moja walibishana msibani hadi wakatazamwa. Hawakuwahi kufurahi hivyo tangu waoane.

Jina moja Kheri hakulitoa. Lilikuwa la mama yake, Mwanamize, aliyefariki Kheri akiwa bado hajui kushika sindano. Alilinyamazia kwa sababu majina mengine yote yakikataliwa alicheka, lakini hilo likikataliwa hakujua angefanya nini. Salha alijua lipo, akawa anamsubiri. Alipochoka kusubiri, mchana mmoja akiwa anachagua mchele na Kheri yuko ndani anatafuta uzi, aliweka ungo chini, akatoka uani, akaita kuelekea ukuta wa jirani, "Mwanamize, njoo ule."

Akarudi ndani ameshika kiuno. "Linafika mbali," alimwambia mumewe. "Hili ni jina la kumwita mtoto aliye uwanjani. Yale mengine yote yalikuwa yanaishia mlangoni."

Kheri akaenda nyuma ya magodoro, akakaa huko muda mrefu, kwa sababu ya vumbi la sufi.

Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakichagua majina, kwa kupoteza muda na bila utaalamu wowote. Serikali iliuona upungufu huo mapema na ilikuwa imeshaanza kuushughulikia.

*

Mambo yalikuwa yameanza na kuku. Gazeti la serikali lilichapisha habari kwamba mtu mmoja, ambaye kwa bahati alikuwa na jina sawa na la Mlezi wa Taifa, amekamatwa na kuku wa watu. Habari ilikuwa ya kweli, mwizi alikuwa wa kweli, na kuku walirudishwa. Lakini watu waliosoma kichwa cha habari walicheka kwa muda mrefu kuliko habari yenyewe ilivyostahili. Basi likatoka tangazo kwamba jina la Mlezi limehifadhiwa, na kila aliyekuwa nalo alirudishe likiwa safi.

Wananchi wakalirudisha. Likafuata jina la mama yake Mlezi, kisha majina ya wake zake. Mawaziri nao wakaona kwamba waziri ambaye jina lake linatumiwa na wauza karanga hawezi kuheshimiwa, wakaomba hifadhi. Wakaombea watoto wao, na wajukuu, na wajukuu ambao hawajazaliwa lakini wana haki ya kuzaliwa wakikuta majina yanawasubiri. Ikaundwa Wizara ya Majina, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhifadhi majina ya watumishi wake.

Kwa muda fulani wananchi walibaki na yale ambayo wakubwa hawakuyataka, yaani Shida, Taabu, Mashaka, Sikujua na mengine ya ukoo huo. Yangetosha, kama usingekuja ujumbe wa wageni kutembelea shule ya Salha. Waziri alitaka wageni waone nidhamu, akamwamuru mwalimu aite watoto mbele yao. Salha akaita Shida, akaitikiwa yupo. Akaita Taabu, yupo. Akaita Njaa, wakaitikia watatu kwa pamoja. Wageni waliandika bila kuinua vichwa. Wiki hiyohiyo majina hayo yote yalipigwa marufuku, kwa maelezo kwamba yanavuruga takwimu.

Salha na Kheri hawakuwa na wasiwasi. Mwanamize lilikuwa jina la kizamani, la vikongwe wa kando ya mji, na hawakuona mkubwa gani angelitaka.

*

Mtoto alizaliwa asubuhi ya mvua, wa kike, na sauti yake ilisikika wodi nzima. Kheri alipopewa amshike alimwinamia, akamwita Mwanamize sikioni, kwa sauti ndogo, akaona nyusi za mtoto zikipanda. Kisha akaenda Ofisi ya Majina na mkewe, mtoto kifuani, kwenda kulithibitisha.

Walipokelewa na Afisa Majina Mwandamizi, Bwana Luhwago, mtu mpole, mwenye suti ya kijivu. Luhwago halikuwa jina alilozaliwa nalo. La kwanza lilichukuliwa na Naibu Waziri wa Mifugo, akapewa hili, na kwa kuwa alikuwa bado hajalizoea, ilibidi uite mara mbili ndipo ageuke. Alilisikiliza jina la mtoto kwa heshima zote, akafungua kabati, akafunga kabati.

"Limehifadhiwa," alisema.

Kheri akauliza ni nani aliyelichukua.

"Bado halijapata mtu. Limewekwa kwa matumizi ya baadaye."

"Mzee, hilo ni jina la mama yangu mzazi."

"Hongera sana," Bwana Luhwago alisema, na alimaanisha. "Mama yako alilitunza vizuri kwa niaba ya taifa. Sasa taifa limekuja kulichukua."

Kheri alimtazama Salha. Salha alikuwa anamtazama mtoto, naye amelala, hajui kwamba ameshapungukiwa na kitu. Bwana Luhwago aliwaona wanyonge, akawavutia kiti cha pili ili wote wakae, akawaambia wasihuzunike, kwa kuwa mtoto amezaliwa katika kipindi cha neema. Nchi imepata msaada wa majina.

*

Msaada huo ulitokana na karamu. Kulikuwa na mwanamke wa Ayalandi, mhandisi wa visima, aliyeandikwa Aoife na kuitwa Ifa. Watu walimwita Bi Ifa na hawakuwa na habari ya maandishi. Alikuwa amekaa nchini miaka mingi, anasema Kiswahili cha kuagizia chumvi na kutukania pampu. Siku ya kufungua kisima kimoja kikubwa aliketishwa meza ya mbele, na Mlezi wa Taifa akamuuliza nchi yake, baada ya kutoa maji, ina kitu gani kingine cha kuwapa rafiki zake.

Bi Ifa alijua kwamba Mlezi haambiwi hakuna. Akasema kwa utani kwamba kwao ni kisiwa kidogo, ila wana wingi wa vitu vitatu, mvua, nyimbo za zamani na majina. Mlezi akacheka. Ukumbi mzima ukacheka naye, ukidhani ni utani. Lakini Mlezi alikuwa anacheka kwa furaha, maana mvua alikuwa nayo, na nyimbo zilizomhusu zilikuwa nyingi.

Kulipopambazuka, magari mawili yakasimama nyumbani kwa mhandisi yakisubiri mzigo. Alijaribu kueleza. Akaambiwa nchi imeshashukuru kwenye matangazo, na shukrani hairudishwi. Basi akaketi barazani akaandika majina ya shangazi zake, ya binamu zake, na ya wasichana aliosoma nao, mpaka wale maofisa wakaona inatosha.

Majina yalipokelewa uwanjani kwa bendi. Waziri wa Majina alihutubia kwa kirefu, na sehemu iliyopigiwa makofi zaidi ilikuwa hii: "Ndugu wananchi, majina yenu ya zamani yalikuwa majina ya kimaskini. Kila herufi ilibidi ifanye kazi. Leo, kwa mara ya kwanza, mtoto wa mkulima atakuwa na jina lenye herufi ambazo hazifanyi kazi yoyote. Huo ndio utajiri."

*

Bwana Luhwago aliwasomea yaliyobaki, na kwa kuwa lugha yake ilimfundisha kusoma kila anachokiona, alitokwa na jasho. Aliyaandika pia ubaoni ili wayaone. Lilikuwepo Niamh. Lilikuwepo Caoimhe, na Bláthnaid, na Sadhbh, ambalo alilianza mara kadhaa akaishia kukohoa. La mwisho lilikuwa Saoirse. Akasema wana mpaka ofisi ifungwe, akawaacha wakae kwenye benchi la korido wachague.

Wakakaa. Kisha Kheri, kwa ajili tu ya kuvunja kimya, akasema labda Niamh, ni fupi.

"Hilo ni la mtu aliyetaka kusema niambie, wakamkata ulimi," Salha alisema.

Kheri akajaribu Bláthnaid. Salha akasema limeanza kama balaa na yeye hataki kusubiri lifike mwisho. Kheri akauliza je lile la kukohoa, Salha akamwambia mtoto akiitwa hivyo majirani wataleta dawa ya kifua. Wakajikuta wananong'ona kwa kasi, magoti yamegusana, Salha amefunika mdomo kwa ncha ya kanga asicheke ofisini, na Kheri akahisi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kwamba mtoto ni wao.

Mbele yao, mwisho wa korido, alikaa mwanamke wa kizungu mwenye nywele za mvi, kwenye kiti cha plastiki, chini ya kibao kilichosema Mshauri wa Matamshi. Alikuwa Bi Ifa. Visima vyake vilisimamishwa ili apate nafasi ya kulitumikia taifa kwa namna hii, na wazazi wote waliopita aliwaomba radhi kabla hawajamuuliza chochote. Aliwaomba radhi Kheri na Salha pia. Salha, ambaye hakuwa na hasira na mtu aliyekaa kwenye kiti kama kile, alimuuliza lile la mwisho linasomwaje.

"Sirsha," alisema Bi Ifa. "Shangazi yangu. Alikuwa anafuga nyuki, na hakuolewa, kwa hiari yake."

Salha akalisema kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akauliza lina maana gani. Bi Ifa akatazama mlango wa Bwana Luhwago, akainama kama anayetaka kumwona mtoto vizuri, akamnong'oneza Salha sikioni. Salha akamnong'oneza mumewe. Kheri naye akageuka kuutazama mlango uleule.

Maana yake ilikuwa uhuru. Na hilo lilikuwa neno la kwanza kabisa kuhifadhiwa baada ya majina ya watu. Lilitolewa mara moja tu kwa mwaka, siku ya gwaride, likasemwa na mtu mmoja kwenye kipaza sauti, kisha likarudishwa.

"Tuache," Kheri alinong'ona. "Tuchukue hata lile la kukohoa."

Salha alikuwa ameshasimama. Aliingia ofisini na mtoto, Kheri akimfuata, akamwambia Bwana Luhwago kwamba wamependezwa na lile la mwisho, kwa kuwa lina herufi nyingi zisizofanya kazi. Bwana Luhwago akasema ana jicho la kitajiri. Akagonga muhuri.

*

Kwa miezi kadhaa mtoto aliitwa Sirsha, na wazazi wake walikuwa watu waliobeba kitu chini ya nguo. Kheri akiwa anachambua sufi alilisema jina polepole, kisha akatazama kama kuna mteja nyuma yake. Salha alimwogesha mtoto akiliimba. Halikuwa Mwanamize, na wala halikufika mbali uwanjani, lilikwama mahali fulani karibu na jiko, lakini lilikuwa na moto ndani yake.

Tatizo ni kwamba Bi Ifa alikuwa na moyo wa huruma, na wazazi wote waliopita kwenye korido aliwapa kile alichokuwa nacho. Kabla mwaka haujaisha, nusu ya watoto wa kike mjini walikuwa wanaitwa Saoirse. Wizara ilifurahi kuona wananchi wamelipenda, ikamtaja mtu wa kwanza kulichagua kama mfano wa kuigwa, ingawa ilimkosea akatajwa mwingine.

Halafu akaja mgeni rasmi kutoka ng'ambo, mtu wa adabu nyingi na kusoma kwingi. Kwenye chakula cha mchana alimpongeza Mlezi wa Taifa kwa ujasiri wake, akasema hajawahi kuona utawala unaoruhusu watoto wengi kiasi hicho kuitwa Uhuru. Mlezi aliendelea kutafuna. Waliokuwa karibu wanasema alitafuna kwa muda mrefu sana.

Jina likafutwa kabla sahani hazijaondolewa. Bi Ifa alisindikizwa uwanja wa ndege pamoja na cheti cha shukrani, na hakuna aliyeruhusiwa kumuaga. Wazazi wote wakaitwa, nyumba kwa nyumba, wajibu swali moja, kama walijua maana yake.

Kheri na Salha walisimama mbele ya Bwana Luhwago. Pembeni yake alikaa mtu mwingine, aliyevaa miwani myeusi ndani ya nyumba, ambaye hakuwa na jina lolote. Swali likaulizwa. Kheri alikuwa amejiandaa usiku kucha kukaa kimya kama mwanamume, na alishangaa kusikia sauti yake ikisema haraka kwamba hawakujua, wao ni watu wa magodoro, wangejuaje. Salha hakumtazama. Alipoulizwa yeye, alimkaza mtoto kifuani akasema hivyohivyo.

Wakaruhusiwa kuondoka. Njiani Kheri hakujua kama mkewe amemkasirikia yeye au amejikasirikia, na hakuwa na uso wa kuuliza.

*

Serikali si katili. Haikuwaacha watoto wale wakiwa wazi. Kila mmoja alipewa jina la muda, nalo lilikuwa Mhusika, mpaka yatakapopatikana mengine. Kwenye kliniki ya chanjo muuguzi akiita Mtoto Mhusika, benchi zima la akina mama linainuka. Siku moja mtoto wa Salha alichomwa sindano iliyomhusu mwingine, na mwingine huyo akachomwa ya kwake, na daktari akasema kwa jumla hesabu imekaa sawa.

Jina la nyumbani nalo lilikatazwa, na wakaguzi walipita vichochoroni wakisikiliza madirishani. Majirani, waliozoea kumwita mama kwa jina la mwanawe, walibaki wakisema Mama Nanii. Salha aliitika. Alikuwa Mama Nanii dukani, Mama Nanii kisimani, na wakati mwingine alisikia mwanamke mwingine nyuma yake anaitika pia.

Ndani ya nyumba ubishi ulikwisha. Kheri alirudi jioni akanawa, akala, akamshika mtoto. Mara moja tu alijisahau. Alikuwa amesikia kwa mteja jina moja zuri la kabila la mbali, ambalo aliamini wizara haijalifikia, akaingia nalo ndani akitabasamu kama zamani.

"Usiniletee," Salha alisema kabla hajafungua kinywa, maana aliuona uso wake. "Nikilipenda watalichukua."

Kheri akalala nalo. Asubuhi akagundua kwamba amelisahau.

*

Mtoto hakungoja. Alikua, akatembea, akaanza kusema, na kitu alichokisikia siku nzima ni mama yake akimwita, we mwana njoo, we mwana weka chini, we mwana usiguse moto. Siku wakaguzi walipokuja nyumbani kuhesabu Wahusika, Bwana Luhwago alikuwa pamoja nao. Alichuchumaa mbele ya mtoto, suti na yote, akamuuliza kwa mzaha tu, kama watu wazima wanavyowauliza watoto, jina lako nani.

"Wemwa," mtoto alisema.

Salha aliruka kueleza kwamba hawajampa jina, hakuna aliyempa, ni ulimi wa mtoto tu. Bwana Luhwago aliinua mkono wanyamaze. Akamuuliza tena, akajibiwa tena, safari hii kwa kukasirika kidogo, kama mtu ambaye hapendi kurudia. Akaondoka, nao wakangoja siku kadhaa, Salha akiwa ameshafunga nguo za mtoto kwenye kitambaa bila kujua wangekimbilia wapi.

Alirudi akiwa peke yake. Alikuwa ametafuta wizarani, akatafuta katika majina ya Ayalandi, ya watakatifu, ya makabila na ya meli. Hakuna binadamu aliyewahi kuitwa Wemwa. Haliwezi kuwa limehifadhiwa kwa kuwa halikuwepo, wala haliwezi kupigwa marufuku kwa kuwa halina maana. Sheria ilikuwa na kila kitu isipokuwa kifungu cha kulikataa. Akalisajili palepale juu ya godoro ambalo halijashonwa.

"Ni mara yangu ya kwanza kuandika jina ambalo mwenyewe amelitaka," Bwana Luhwago alisema. Akaomba maji ya kunywa.

Baada ya hapo nyumba ilipumua. Salha alitoka uani na kuita Wemwa kuelekea ukuta wa jirani, bila sababu, na jirani akapaza sauti kwamba amesikia. Akawa Mama Wemwa, akaitwa hivyo sokoni mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa wenzake walipenda kulisema. Alimfundisha mtoto kuitika kwa adabu, kama alivyowafundisha wa shuleni, na mtoto akawa akiitwa, hata akiwa amejificha chini ya magodoro, anasema "Abee" na kutoka mbio aone anatakiwa kwa lipi. Jioni moja Kheri na Salha walibishana tena, kuhusu mtoto wa pili ambaye hata hajaja, na Kheri alikwenda kulala akiwa amekataliwa majina manne, mtu mwenye furaha kuliko wote mjini.

*

Binti wa Mlezi wa Taifa akajifungua. Akasema hataki mwanawe apewe jina ambalo limeshakaa kwenye kinywa cha mtu. Wizara ikamletea majina yote ya akiba, likiwemo Mwanamize, akayasukuma. Aliyanusa, wanasema, akasema yananuka watu. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba katika nchi nzima kuna jina ambalo lina mtumiaji mmoja tu, na yeye mdogo, hajalichakaza.

Bwana Luhwago alikuja mwenyewe. Alileta keki iliyoandikwa pongezi kwa sukari ya rangi, na barua ambayo aliisoma wima, macho yakiwa yameganda kwenye karatasi. Barua ilisema kwamba taifa linatambua mchango wa familia hii katika ubunifu wa majina, na kwamba mtoto atarudi kuwa Mhusika kuanzia jua linapozama. Alipomaliza, Kheri alimwita kwa jina lake, mara mbili, akamuuliza kama hakuna la kufanya. Mzee aligeuka, akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka.

"Nilikuwa na jina zuri mimi," alisema. "Nikakuta limeandikwa mlangoni kwa mtu mwingine." Akaenda zake.

Hawakumwambia mtoto. Wangemwambia nini, na kwa kumwitaje. Siku ya sherehe ya kumpa jina mjukuu, kila nyumba iliamriwa kuwasha redio kwa sauti ya juu na kuacha mlango wazi. Kheri na Salha waliketi chini, mtoto katikati yao akichezea sufi. Bendi ikapiga. Kisha mtangazaji, kwa sauti nene iliyojaa mapenzi, akaliita jina jipya la mjukuu, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, kama itifaki ilivyotaka. Wemwa. Wemwa. Wemwa.

"Abee," mtoto alisema. Akaangusha sufi, akasimama, akaenda mbele ya redio, mikono nyuma, akisubiri kuambiwa anatakiwa kwa lipi.

Redio haikumwambia. Ikamwita tena, na safari hii ikaita pia kutoka kwa jirani, na nyumba ya pili yake, na mtaa mzima hadi barabarani. Mtoto akageuza kichwa. Akatoka nje mbio. Kheri aliinuka, Salha akajaribu kumshika mumewe shati, kisha akamwachia.

Kheri alimkuta mtoto mlangoni kwa jirani, ameshaitika, jirani amekaa na mkono mdomoni. Mtoto akatoka akaenda mlango uliofuata. Akaitika hapo pia, kwa adabu, akatazama ndani, akaona hakuna aliyemtaka, akaendelea. Watu walikuwa wamesimama milangoni mwao. Kheri alimfuata hatua chache nyuma, amenyoosha mkono, anafungua kinywa na kukifumba, kwa kuwa mtoto alikuwa anakwenda haraka na yeye hakuwa na jina la kumwita arudi.

Mwisho wa mtaa kulikuwa na redio ya duka, kubwa kuliko zote. Mtoto alisimama mbele yake akitweta.

"Abee," alisema. "Abee. Niko hapa."